Jioni ya Mkonze Haihitaji Lifti

Mgeni wa Dar es Salaam akifika Dodoma na kuulizia mahali pa kukaa juu, autazame mji huku akipigwa na upepo, mwenyeji wake mara nyingi humtoa mjini kabisa na kumketisha chini. Gari hushika Barabara ya Iringa kuelekea kusini, taa za maduka hupungua, maghorofa machache ya katikati hubaki nyuma, na baada ya muda mfupi wanakuwa Mkonze. Pale kuna uwanja uliomwagwa kokoto, miti miwili mitatu, viti vya plastiki vyenye rangi za kampuni ya bia, skrini ya mpira iliyofungwa kwenye nguzo na jiko la mkaa linalofuka pembeni. Juu ya meza hakuna kitu isipokuwa nyota.

Watanzania huiita sehemu ya namna hii gadeni, hata kama nyasi zake zilikufa mwezi wa saba. Kwa hesabu za biashara, gadeni ya Mkonze na baa ya ghorofani ya Dar es Salaam zinauza kitu kimoja: nafasi ya kula na kunywa bila kufunikwa na dari. Zinaachana kwenye gharama ya kuipata nafasi hiyo.

Dar es Salaam anga ni ghali. Hoteli ya Kilimanjaro, iliyofunguliwa mwaka 1965 na ambayo sasa ni Hyatt Regency, ina baa yake ya Level 8 inayotazama bandari. Si mbali na hapo, kwenye ghorofa ya 21 ya Golden Jubilee Towers, Akemi ilileta mgahawa unaozunguka, mteja akianza supu anaona Posta na akimaliza wali anaona bahari. Zanzibar ilikwisha kuonyesha njia: Emerson Skeens, Mmarekani aliyefariki mwaka 2014, aliyageuza mapaa ya nyumba kongwe za Mji Mkongwe kuwa kumbi za chakula cha jioni, na wageni wakapanda ngazi za mbao ili wale huku wakisikia adhana kutoka pande zote. Anayeendesha sehemu kama hizo hulipia lifti, pampu ya kupandisha maji, jenereta ya kuendesha vyote viwili umeme ukikatika, na njia ya pili ya kutokea ambayo Zimamoto watataka kuiona. Kila kreti inayouzwa juu imebebwa kwanza kutoka chini. Mteja huyalipia hayo yote ndani ya glasi yake.

Analipa kwa hiari kwa sababu Dar es Salaam kuna joto. Chini, katikati ya majengo ya Kariakoo au Posta, hewa haisogei, ukipanda unaikuta. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wake haumtaki mtu apande popote. Unamfuata mezani. Kati ya Juni na Agosti humfuata kwa nguvu hadi anaomba koti, na wenye gadeni hulazimika kuweka mapazia ya turubai upande wa mashariki.

Mji wenyewe pia haukuchorwa uende juu. TANU ilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, mpango mkuu uliokamilika mwaka 1976 ulichorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Canada. Wachoraji walikwepa makusudi majengo marefu ya kujionyesha. Walitaka mji unaofuata vilima vyake vya mawe, wenye nyumba za chini, njia za miguu na mashamba kati ya mtaa na mtaa, mji wa taifa la vijiji. Uwanja wa ndege uko karibu mno na katikati ya mji, na mahali ndege zinapotua kwa ukaribu huo majengo hayaachwi yarefuke yatakavyo. Uwanja mpya wa Msalato, uliowekewa jiwe la msingi mwaka 2022, ndio unaotarajiwa kuuondolea mji kizuizi hicho.

Kulikuwa na sababu nyingine ambayo haionekani kwa macho: hati. Kwa zaidi ya miaka 40 ardhi ya Dodoma ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ambayo iliwapa watu hati za miaka 33 wakati miji mingine ilitoa za miaka 99. Mwenye kiwanja chenye muda mfupi namna hiyo hana hamu ya kumwaga zege la ghorofa nane, na benki haina hamu ya kumkopesha. Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikaenda halmashauri, na miaka 99 ikaruhusiwa. Mwaka uliofuata, Aprili 26, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji.

Halmashauri ya Jiji yenyewe iliingia kwenye biashara ya maghorofa: mauzo ya viwanja yaliifanya iongoze kwa makusanyo ya ndani, na sehemu ya mapato yake ikajenga hoteli ya ghorofa katikati ya mji. Hoteli binafsi nazo zimeongezeka, zenye mabwawa, kumbi na sehemu za juu za kukaa. Lakini mtu akitaka kujua mishahara ya Dodoma inanywewa wapi, ni afadhali ashuke.

Takwimu za sensa zinaeleza sababu. Mwaka 2012 wilaya ya Dodoma Mjini ilihesabiwa kuwa na watu 410,956. Mwaka 2022 Jiji la Dodoma lilikuwa na 765,179, ongezeko la asilimia 86 kwa miaka kumi. Katikati ya sensa hizo mbili ndipo serikali ilipohama kweli: Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, mwaka 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, mwaka 2017, wizara kuingia Mji wa Serikali wa Mtumba mwaka 2019, na Rais Magufuli mwenyewe mwaka huohuo. Vyuo vikuu vya UDOM na St. John's, vyote vya mwaka 2007, vilishaleta maelfu ya vijana wanaojua bei ya chipsi kavu kuliko bei ya vitabu.

Wengi wa wahamiaji hao walikuja na tabia za Sinza na Kinondoni. Walizoea kutoka kazini na kupitia mahali kabla ya kwenda nyumbani. Tena wengi, hasa miaka ya mwanzo, hawakuwa na nyumba ya kwenda: familia zimebaki Dar es Salaam, wenyewe wamepanga chumba na sebule, jiko ni heta moja. Mtu wa namna hiyo hula nje siku tano kwa wiki. Mei Mosi 2025, mjini Singida, Rais Samia alitangaza kima cha chini cha mshahara wa serikalini kupanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Kwenye mji ambao mwajiri wake mkuu ni serikali, tangazo kama hilo wachoma nyama nao hulisikiliza kwa makini.

Mshahara ni kalenda ya kwanza ya biashara hii. Ya pili ni Bunge. Mikutano yake ni minne kwa mwaka, na mrefu kuliko yote ni ule wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Wabunge wakiwapo, wapo pia madereva, makatibu, maofisa wa mashirika waliokuja kufuatilia fungu lao, waandishi wa habari, na wageni wanaotambulishwa kutoka majimboni. Vyumba hujaa, na meza nazo hujaa.

Kalenda ya tatu ni mvua. Dodoma hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, nusu ya zile za Dar es Salaam au pungufu, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi saba na zaidi mwenye gadeni hana haja ya kuangalia juu. Na tazama kalenda zinavyokutana: mvua inakatika Aprili, Bunge la Bajeti linaanza Aprili. Hakuna mwekezaji angeweza kupanga vizuri zaidi. Machi ndio mwezi wa kupaka rangi, kumwaga kokoto mpya na kuulizia bei za viti.

Mkonze inapata nini katika hayo? Kwanza inapata nafasi. Ni kata ya pembezoni ambayo kwa muda mrefu ilikuwa ya mashamba na makazi ya Wagogo, kisha upimaji wa viwanja ukaifikia, na sasa mitaa kama Michese na Miganga ina nyumba mpya zilizojengwa na watumishi waliochoka kupanga. Fedha ya kiwanja cha mjini kinachotosha baa ya meza kumi, huku inapata kinachotosha meza thelathini, maegesho, na kona ya watoto yenye bembea. Kona hiyo isidharauliwe. Baba anayekuja na mama na watoto Jumapili mchana huagiza kuku mzima, soda nne na maji. Anakaa saa nne na hagombani na mtu.

Pili inapata barabara. Lami ya Dodoma hadi Iringa kupitia Mtera iliifanya Mkonze kuwa kwenye njia kuu ya kusini, na njia hiyo huleta chakula pamoja na magari. Perege na kambale wa bwawa la Mtera hupanda barabara hiyo kila siku. Mtu wa pwani atakunja uso akisikia habari ya samaki Dodoma, lakini perege aliyevuliwa alfajiri Mtera na kukaangwa jioni Mkonze ana safari fupi kuliko samaki wengi wanaoliwa kwenye maghorofa ya Dar es Salaam.

Hata hivyo mfalme wa jiko ni nyama. Ugogo ni nchi ya mifugo. Mpwapwa kuna kituo cha utafiti wa mifugo tangu zama za Wajerumani, Kongwa kuna ranchi ya taifa, na Kizota, ndani ya jiji, kuna machinjio ya kisasa. Walaji waliobobea bado hufunga safari Jumamosi hadi mnada wa Msalato, kaskazini mwa mji, ambako mbuzi huchaguliwa akiwa amesimama. Gadeni za Mkonze zinajaribu kumpa mteja ladha hiyo siku nyingine za wiki: mbuzi choma kwa kilo, ndizi za kuchoma, kachumbari, na pilipili ya kumenyeka roho. Kitimoto huwa na jiko lake, sufuria zake na mara nyingi uzio wake, na kila mtu anaelewa sababu bila kibao.

Hapa ndipo biashara hii inapokuwa na sura ambayo mgeni haioni. Baa nyingi za Tanzania zina wenyewe wawili au watatu chini ya mti mmoja. Mwenye leseni anauza vinywaji. Jiko amelikodisha kwa mtu mwingine, anayelipa kodi ya siku au ya mwezi na kubaki na faida ya nyama yake. Chipsi na mayai huenda zikawa za mtu wa tatu, mwenye kabati la kioo kando ya lango. Mteja anapokea bili moja kichwani mwa mhudumu, lakini fedha zake zinagawanyika kabla hajasimama.

Utaratibu huu una akili. Faida ya bia ni nyembamba, maana kiwanda kinapendekeza bei na majirani wote wanaijua. Anayeuza bia anaishi kwa wingi wa kreti. Jiko lina faida nene zaidi lakini lina hatari: nyama inaharibika, mkaa unapanda bei, mchoma nyama hodari anaweza kuhama usiku mmoja na wateja wake wote. Kwa kulikodisha, mwenye baa anauza hatari hiyo. Viwanda vya bia navyo huchangia kwa njia yao: friji, miavuli, viti, na rangi ya ukuta, vyote vikiwa na nembo. Gadeni inaweza kufunguliwa na mtu asiyenunua hata kiti kimoja, mradi akubali uwanja wake uwe tangazo.

Anayebeba mzigo mzito kuliko wote ni mhudumu. Katika baa nyingi yeye huzichukua bia kaunta kwa fedha yake au kwa deni linaloandikwa jina lake, kisha huzunguka kukusanya. Mteja akiondoka bila kulipa, hasara ni ya mhudumu. Karatasi za Lipa Namba zilizobandikwa mezani zimepunguza ubishi wa chenji, lakini zimeleta ubishi mpya: simu inasema fedha zimetoka, kaunta inasema hazijaingia, na katikati amesimama binti mwenye sahani nne.

Serikali nayo inakaa kwenye hesabu. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inagawa leseni kwa aina na kupanga saa za kuuza. Afisa afya anataka vyeti vya waliopima, TRA inataka risiti ya mashine, na muziki una tozo yake ya hakimiliki. Kubwa kwa baa isiyo na kuta ni kelele. Kanuni za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira ziliweka viwango vya sauti kwa mchana na usiku, na baraza la mazingira, NEMC, limekwisha kufunga baa na kumbi zilizovizidi. Baa ya ghorofani inapiga muziki wake angani. Ya uwanjani inaupiga dirishani kwa jirani. Mkonze ilipokuwa mashamba, jirani alikuwa mtama. Leo ni mtumishi mwenye hati ya miaka 99 anayeamka saa 11 alfajiri kuwahi basi la Mtumba, na anajua namba ya ofisi ya kata.

Maji ni gharama nyingine isiyosahaulika. Dodoma kwa miongo mingi imetegemea visima vya Mzakwe, na mji umekua haraka kuliko visima. Mgao ukifika pembezoni, mwenye gadeni hununua boza, maana kuosha glasi, vyombo na vyoo hakusubiri ratiba. Matangi meusi yaliyopangwa juu ya minara ya chuma ndiyo vitu virefu kuliko vyote kwenye gadeni nyingi.

Kuna kitu kimoja ambacho mgeni angetarajia kukikuta kila meza na hakikuti: divai. Mbele ya Mkonze, kwenye barabara hiihii ya Iringa, iko Bihawana, misheni ambayo mapadri wake walipanda mizabibu katikati ya karne iliyopita. Toka hapo zao likaenea Mpunguzi, Hombolo, Mvumi na Makutupora, ambako kuna kituo cha utafiti wa zabibu. Mizabibu ya Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Ufaransa na Italia hawaliwezi. Kiwanda cha CETAWICO kiko Hombolo. Alko Vintages hutengeneza Dompo, divai tamu inayojulikana nchi nzima. Serikali nayo ilisaidia kwa kodi: kwa miaka kadhaa divai yenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini ilitozwa ushuru wa shilingi 200 kwa lita, wakati ile ya kutoka nje ilitozwa zaidi ya shilingi 2,000.

Pamoja na hayo yote, agiza divai kwenye gadeni ya kawaida uone. Mhudumu atakwenda kaunta, atakaa, atarudi na chupa nzima yenye joto na glasi ya soda. Tatizo ni la muuzaji zaidi kuliko la mkulima. Bia ni kipimo cha mtu mmoja: inafunguliwa, inaisha, chupa inarudi kwenye kreti. Divai ikifunguliwa kwa glasi moja, chupa iliyobaki inaanza kuharibika, na hakuna aliyemfundisha mwenye kaunta namna ya kuipangia bei kwa glasi. Kampuni ya bia ilishaleta friji, na haikuileta ili ijazwe zabibu. Wakulima huku wanalalamikia soko, wengi wakiuza mchuzi wa zabibu, yaani divai ghafi isiyofungashwa, kwa bei ya mnunuzi. Mtama wa Dodoma, ambao viwanda vya bia huununua kwa ajili ya kutengeneza bia, umefika kwenye meza ya Mkonze kwa urahisi kuliko zabibu iliyolimwa kilomita chache kutoka hapo. Atakayeleta chupa ndogo ya mtu mmoja, yenye baridi, kwa bei inayokaribiana na ya bia, atakuwa amekata fundo ambalo semina nyingi hazikulikata.

Mabadiliko makubwa ya karibuni yamekuja kwa reli. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, kwa nauli ya kuanzia shilingi 31,000, na safari iliyokuwa ya siku nzima kwa basi ikawa ya saa tatu na ushee kwa treni ya haraka. Hoteli zilishangilia wageni wa mikutano wanaofika asubuhi. Ila anayefika asubuhi huweza kuondoka jioni bila kulala wala kula chakula cha usiku, na mtumishi mwenye familia Kinondoni sasa anaweza kuwa mezani kwake Ijumaa ileile. Baa za katikati ya mji zilizozoea kuishi kwa wapweke wa wikiendi zina sababu ya kuitazama ratiba ya treni kwa jicho la wasiwasi.

Barabara ya mzunguko wa nje, yenye kilomita 112.3, inapita Matumbulu, kusini zaidi ya Mkonze. Malori ya Iringa yakielekezwa huko, Mkonze itapoteza wapita njia na kubaki na wakazi. Kwa biashara ya gadeni hiyo huenda isiwe hasara kubwa. Dereva wa lori hunywa soda moja na kuondoka. Mkazi aliyemaliza kupaua nyumba yake Michese hana treni ya kuwahi Ijumaa. Familia alishaihamisha, watoto wako kwenye bembea, na akimaliza perege wake atavuka barabara kwa miguu, mfuko wa chipsi za mama mkwe mkono mmoja, tochi ya simu mkono wa pili.